Fahamu: Kwa nini Linux Mint iliifungia Snap mlango

Ukiiagiza apt, programu ya kusakinisha vifurushi, isakinishe kivinjari cha Chromium kwenye mfumo wa Ubuntu 20.04, toleo la mwaka 2020, hupati kifurushi cha kawaida, unaletewa Snap, kifurushi cha aina nyingine. Na Snap hutoka kwenye duka moja linaloendeshwa na Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ambalo programu ya seva yake si huria. Canonical hujitetea kwamba kazi inapungua: kifurushi kimoja kinatosha matoleo yote ya Ubuntu. Hoja ina uzito, lakini kuomba hiki ukapewa kile ni jambo jingine kabisa. Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu hiyohiyo, ilijibu mwaka huohuo kwa kifaili kimoja, nosnap.pref, kinachoizuia apt kuleta Snap. Anayeitaka anakifuta, kisha anaisakinisha mwenyewe.