Sura ya 5: Waigizaji Ndani ya Pakiti

Katika miaka ya 1870, sigara nchini Marekani ziliuzwa katika pakiti za karatasi laini. Zikitiwa mfukoni zilipondeka, kwa hiyo watengenezaji waliingiza kipande cha kadibodi ili pakiti ikae imara. Kadibodi ilikuwa tupu, na mfanyabiashara hapendi nafasi ikae bure.

Mashine ndiyo iliyoijaza. Msokotaji hodari alimaliza takriban sigara 3,000 kwa siku. Mashine aliyoivumbua James Bonsack, iliyopata hataza mwaka 1881, ilitoa kama 120,000. James Buchanan Duke wa Durham, North Carolina, aliichangamkia. Sasa sigara zilikuwa tele. Wavutaji ndio waliohitajika. Wanunuzi wengi walikuwa wanaume, na nyota waliosemwa mitaani walikuwa wa jukwaani, kama Lillian Russell na Lillie Langtry. Studio za picha, hasa ya Napoleon Sarony jijini New York, zilikwisha kuwapiga picha za kuuza. Kampuni zikazitia picha hizo kwenye kadibodi.

Tazama kadi ya sigara za Sweet Caporal. Ni ndogo kuliko kiganja. Picha ya rangi ya kahawia imebandikwa juu ya karatasi ngumu: mwigizaji amevaa vazi la mchezo, nyuma yake pazia lililochorwa, na chini limechapwa jina la sigara. Kadi za rangi zilidai kazi zaidi, kwani kila rangi ilikuwa na jiwe lake la kuchapia, na karatasi ilipita juu ya mawe yote bila kuhama hata kidogo. Nyingi zilitoka kwa mifululizo, na aliyepungukiwa moja alirudi dukani.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1894 Washington Duke, mcha Mungu, alimwandikia mwanawe James kulalamikia picha hizo, akihofia maadili ya vijana.

Lakini kadi zilikwisha kupungukiwa na kazi. Mwaka 1890 kampuni tano zilizokuwa zikishindana ziliungana kuwa American Tobacco Company. Washindani wakawa washirika, na gharama ya kuvutana wateja ikakosa sababu.

Zilizobaki zilipata mlezi: Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda huko Syracuse, aliyezipanga kwa namba na kuupa mkusanyo wake wa vipande zaidi ya 300,000 Metropolitan Museum of Art. Leo watafiti wa maigizo huzichunguza kujua mavazi na mikao ya wasanii ambao hawakuacha filamu yoyote.