Kupandikiza Gegedu la Goti

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe lenye utelezi ambalo unene wake, sehemu nyingi, ni milimita 2 hadi 4 tu. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake chache hulishwa na ute wa kiungo. Kwa hiyo mfupa ukivunjika huunga, lakini gegedu likichimbika halijizibi. Tabibu William Hunter wa London aliliandika jambo hilo mwaka 1743, na hadi leo kwa sehemu kubwa linakubalika.

Njia nyepesi ya kuziba shimo ni kutoboa vitundu kwenye mfupa ulio chini yake ili damu na uboho vichuruzike, vigande, na kufanya kovu. Kovu hilo hupunguza maumivu, ila si gegedu halisi, na kwa wagonjwa wengi hulegea baada ya miaka michache.

Njia nyingine ni vipandikizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, László Hangody wa Hungaria alieneza mtindo wa kuhamisha vipande vya mviringo mithili ya vizibo vya chupa, gegedu juu na mfupa chini. Mpasuaji huvikata kwa bomba la chuma pembezoni mwa fupa la paja, mahali pasipobeba uzito mkubwa, kisha huvigongelea kimoja kimoja ndani ya shimo. Kazi yote iko kwenye usawa: kipande kikichomoza hubeba mzigo wa wenzake na kusagika mapema, kikizama, hakisaidii kitu. Mfupa wake hushikana na mfupa mwenyeji, lakini nyufa kati ya kipande na kipande hujazwa na kovu. Tena ni kukopa kwenye goti lilelile, ambalo akiba yake ni ndogo. Jeraha likipita sentimita 4 hivi za mraba, hakuna pa kukata.

Kwa jeraha kubwa hutumika kipande cha marehemu. Upandikizaji kutoka kwa mtu mwingine Erich Lexer wa Ujerumani aliuripoti mwaka 1908. Siku hizi kipande hutunzwa kibichi kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi, kwa kuwa seli zake zinatakiwa ziwe hai, na kwa kawaida hupandikizwa kabla ya siku 28. Siku nyingi kati ya hizo huishia kwenye vipimo vya maradhi. Tofauti na aliyepewa figo, mgonjwa huyu kwa kawaida hahitaji dawa za kutuliza kinga ya mwili, maana seli za gegedu zimejificha mbali na damu.

Njia ya tatu ya kupandikiza ilianzia Göteborg, Sweden, mwaka 1987. Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walichukua chembe ya gegedu la mgonjwa, wakazalisha seli zake maabara kwa wiki kadhaa, wakazirudisha chini ya kiraka cha utando wa mfupa. Matokeo ya wagonjwa 23 yalichapishwa mwaka 1994. Aina iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016 hubeba seli juu ya utando uliotokana na nguruwe. Mgonjwa ambaye dini yake inamkataza nguruwe ni vyema aulize mapema.

Baada ya upasuaji huja magongo kwa wiki kadhaa, mazoezi ya kukunja goti, na mara nyingi mwaka mzima bila michezo. Mwenye matege au kano iliyokatika hana budi kurekebishwa hayo pia, la sivyo kipandikizi kitasagwa upya. Goti lililolika pande zote kwa uzee halipandikizwi. Hilo huwekewa kiungo bandia.