Neno 'Ndege' Tuliliazima, Elimu Yake Je?

Katika Ekegusii, kiumbe arukaye angani huitwa enyoni, bali chombo kirukacho twakiita endege. Neno hili la pili tulilichukua kutoka Kiswahili, ambacho nacho kilimvua nyuni jina na kukivika chombo. Kuazima neno si aibu. Lugha zote huazima. Swali langu kwa walimu na wanafunzi wa Kisii na Nyamira ni hili: pamoja na neno, tuliazima nini kingine?

Tuwatazame jirani zetu Wahabeshi. Mnamo Agosti 1929, ndege ya kwanza ya serikali yao ilitua Addis Ababa. Ilikuwa Potez 25, ndege ya kijeshi ya Ufaransa iliyobuniwa na Henry Potez mnamo 1924. Mabawa yake yalipangwa juu na chini, lakini yale ya chini yalikuwa mafupi zaidi. Ufupi huo ulipunguza ukinzani wa hewa na kumwachia askari nafasi ya kuitazama ardhi. Aidha, sehemu ya injini ilikuwa kubwa, hata iliweza kupokea injini za aina mbalimbali. Ndiyo sababu matoleo yake yalikuwa mengi.

Majina ya matoleo hayo ni somo la lugha. A2 lilikuwa la upelelezi, B2 la kudondosha mabomu. Tarakimu 2 yataja idadi ya watu ndani. Toleo la TOE lilibeba herufi za mwanzo za maneno ya Kifaransa yenye maana ya medani za vita za ng'ambo, yaani makoloni. Muundaji ndiye mtoa jina, na jina hutoboa nia yake.

Mnamo Machi 1930, katika vita vya Anchem, ndege za Negus Tafari, aliyetawazwa baadaye mwaka huo kwa jina la Haile Selassie, zililidondoshea jeshi la Ras Gugsa Welle karatasi za maonyo kwanza, kisha mabomu. Uasi ukazimika. Mwaka huohuo Mishka Babitcheff na Asfaw Ali walihitimu urubani. Kurusha basi walijua, kuunda bado.

Upungufu huo ulidhihirika mwaka 1935 Italia ilipovamia. Ufaransa na Uingereza zilizuia kuziuzia silaha pande zote mbili. Italia, iliyojiundia ndege zake kwa mamia, haikutikisika. Ethiopia ilikuwa na ndege chache tu, nyingine mbovu, na mlango wa kununulia ulikuwa umefungwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wakae meza moja. Mwanafunzi asiishie kukariri kwamba ndege ni nomino ya ngeli fulani. Aeleze, kwa lugha aielewayo, bawa huibebaje. Neno la kuazima huwa letu siku tunapoweza kuliunda lile linalotajwa nalo.