Mbwa Aliyeteswa Afundishwe kwa Upole

Katika vijiji vya upande wa Kalunguta, kati ya Butembo na Beni, mbwa hana cheo kikubwa. Usiku hulinda mbuzi na kuku. Mchana hufukuzwa kwa jiwe au kwa mwiko kila anapokaribia jiko. Tena wapo waliopata mateso kupita hayo. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewalazimu watu wengi kuyahama makao yao. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni hana mkono wa kumshika mbwa. Basi mnyama hubaki nyuma, huzurura, hupigwa na kila amwonaye, na pengine mwishowe huangukia kwa bwana mpya asiyejua habari zake za zamani.

Bwana huyo akisikia mbwa ananguruma, mara nyingi hushika fimbo, akidhani amepata mnyama mkaidi. Sivyo. Mnyama huyo ana hofu. Mtazame vizuri, ndugu msomaji: ameficha mkia katikati ya miguu, amelaza masikio nyuma, anageuza uso, analamba midomo ingawa hakuna chakula. Akizidi kusongwa ndipo hunguruma, na akikosa njia ya kukimbia huuma. Anayemchapa kwa sababu amenguruma amfundisha jambo la hatari sana, yaani kuuma bila kuonya.

Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa, mate humtoka kwa sauti ile tu. Mbwa aliyeteswa amejifunza vivyo hivyo kwa njia ya maumivu: mkono ulioinuliwa, ufagio, hata kofia ya namna fulani, humwambia kwamba pigo laja. Kazi yetu ni kumfanya auone mkono ule ule kuwa dalili ya chakula.

Siku za kwanza mpe mahali pake penye kivuli na maji, asipobanwa, wala usimfuate huko. Mlishe saa zile zile kila siku. Weka chakula chini, ukae mbali kidogo ukimpa ubavu, usimkazie macho. Kesho sogea hatua moja. Akiacha kula, umesogea mno, rudi nyuma. Huenda siku chache zikatosha, huenda ikapita miezi. Mwenye kuamua ni mbwa. Atakapopokea kipande cha samaki mkononi mwako, mguse kifuani, usipitishe mkono juu ya kichwa chake, maana fimbo ilitokea huko.

Kisha chagueni jina moja la kumwita, na nyumba nzima itumie hilo hilo. Akija, apewe kitu. Akichelewa, asipigwe kamwe, kwa kuwa yeye ataelewa kwamba amepigwa kwa sababu amekuja.

Wako watakaosema kwamba mbwa aliyebembelezwa hafai kazi. Hao na wafikiri habari za Virunga. Mwaka 2011 hifadhi hiyo ilianzisha kikosi cha mbwa wanusaji huko Rumangabo, wa kuwasaka majangili, na Daktari Marlene Zähner wa Uswisi alishiriki kuwafundisha. Mbwa hawezi kulazimishwa kunusa kwa kuchapwa. Hufuata harufu kwa furaha, akitazamia sifa na zawadi.

Upole, hata hivyo, hauondoi tahadhari. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na mbwa wa namna hii. Tena mbwa anayebadilika ghafula, anayetokwa na mate na kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, naye apelekwe zahanati siku ile ile, asingojee dalili, kwa kuwa zikisha kutokea ugonjwa huo karibu daima huua.

Kinga yake ni chanjo, na hapa ndipo subira ile yote huleta faida yake kubwa. Mbwa aliyezoea mkono husimama akashikwa, akachomwa sindano. Yule anayeogopa watu huponyoka mapema, akajificha migombani mpaka mchanjaji aondoke, na jioni hurudi kulala uani karibu na watoto, bila chanjo.