Kidole Kimoja, Macho Mengi

Mtu akisajiliwa na NIDA huko Maneromango au Mzenga, ndani kabisa ya Kisarawe, kidole chake hakibaki Kisarawe. Kinawekwa juu ya kioo kidogo, kinapigwa picha, picha inageuzwa kuwa hesabu, na hesabu hizo zinakwenda Kibaha, kwenye kituo kikuu cha Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) cha kuhifadhi taarifa. Wilaya hizi mbili zinapakana, zote za mkoa wa Pwani, lakini mkulima wa mihogo aliyetoa kidole chake hana sababu ya kwenda kukitazama, na hata akienda hana dirisha la kuulizia. Wanaouliza ni wengine. Anaponunua laini ya simu, swali linakwenda kwenye kanzidata: huyu ndiye? Anapofungua akaunti benki, swali linakwenda tena. Mimi nataka mkulima yule naye aweze kuuliza swali lake: ni nani wamekuwa wakiniulizia?

Tuanze na kidole chenyewe, maana bila kukielewa ni rahisi kudhani kinachochukuliwa ni kitu kidogo.

Mistari ya vidoleni hujengeka tumboni mwa mama, kati ya mwezi wa tatu na wa sita wa ujauzito. Ngozi ya ndani hukua haraka kuliko ya juu, inajikunja, na mikunjo hiyo inafuata mgandamizo wa kila kidole, mkao wa mtoto na majimaji yanayomzunguka. Ndiyo sababu hata pacha wanaofanana sura hawana alama za vidole zinazofanana. Mashine inapoisoma alama hiyo haihangaiki na mchoro mzima. Inatafuta mahali ambapo mstari unakatika na mahali ambapo mstari mmoja unagawanyika kuwa miwili, kisha inaandika kila nukta ilipo na imeelekea wapi. Kidole kimoja kinaweza kutoa nukta kadhaa za aina hiyo, na orodha ya nukta ndiyo inayolinganishwa.

Ulinganisho huo hautoi jibu la ndiyo au hapana kama wengi wanavyofikiri. Unatoa alama, kama za mtihani, na kuna kiwango kilichowekwa: ukikifikia umepita, ukikikosa umekataliwa. Kiwango kikiwa juu sana, watu halali wanakataliwa. Kikiwa chini, asiye mhusika anaweza kupita. Hakuna kompyuta iliyokaa ikaamua kiwango hicho peke yake. Kimewekwa na watu, kwa kupima hasara gani inavumilika na nani aibebe. Wakala anapomwambia mama mtu mzima "kidole hakisomi", kuna uamuzi wa mtu fulani nyuma ya maneno yale.

Na Pwani wapo wengi ambao vidole vyao havisomi. Mchoma mkaa, mpasua kokoto, mlimaji wa jembe la mkono, wote hawa mistari yao inalika. Wabanguaji wa korosho wana shida ya ziada: ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na anayebangua kwa mikono kwa muda mrefu vidole vyake huungua na kubabuka. Mtu wa namna hii akikataliwa na mashine, amekataliwa kwa sababu ya kazi inayomlisha. Anastahili njia nyingine ya kujitambulisha, na aipate kama haki yake, bila kumbembeleza karani.

Serikali za kanda hii zilijua nguvu ya kidole kabla ya kompyuta. Kenya ya mkoloni ilitunga sheria ya kuandikisha wenyeji mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika mtu mzima akalazimika kutembea na kipande chenye alama za vidole vyake, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mzungu hakubeba. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake waliupinga utaratibu huo waziwazi, na kukamatwa kwake Machi 1922 kuliwatoa watu barabarani Nairobi, wakapigwa risasi. Watu wale walikuwa wameona jambo ambalo nasi tunapaswa kuliona: kuandikishwa kunakuwa mzigo pale anayeandika anapokujua wewe, nawe huruhusiwi kujua ameandika nini na anamwonyesha nani.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa kasi mwaka 2019. Tarehe 1 Mei mwaka huo ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole, na mwisho wake ukapangwa kuwa 31 Desemba. Sharti lilikuwa kitambulisho cha Taifa au namba yake. Foleni kwenye ofisi za NIDA zilianza kabla ya jua kuchomoza, hadi Rais John Magufuli akaongeza siku 20, mpaka 20 Januari 2020. Baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya msingi, nami siidharau. Utapeli wa simu ni halisi, na ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umewaliza watu maskini kuliko matajiri.

Lakini utapeli ulihama, haukufa. Kishoka, yaani wakala asiye rasmi, mwenye mwavuli na mashine mkononi anamwambia mteja, "Hakijasoma, weka tena." Mteja anaweka tena. Mara ya kwanza ilikuwa imesoma, na ya pili imesajili laini nyingine kwa jina lilelile, laini itakayouzwa kwa tapeli. Polisi wakifuatilia, jina linaloonekana ni la mteja. Unaweza kubonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na naomba kila anayesoma hapa afanye hivyo leo. Lakini tazama jinsi mzigo ulivyogawanywa. Kampuni imepata mteja, kishoka amepata hela yake, na aliyebaki na kazi ya ulinzi ni mwenye kidole.

Namba yenyewe nayo inasema mengi. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila daftari la wakala, kila fomu ya nyumba ya wageni, kila nakala iliyotolewa kwa mwenye mashine ya fotokopi pale Maili Moja, Kibaha, ina tarehe yako ya kuzaliwa, hata kama hakuna aliyekuuliza umri. Nenosiri likivuja unalibadilisha jioni ileile. Tarehe ya kuzaliwa huwezi kuibadilisha, wala kidole.

Sasa weka laini hiyo iliyosajiliwa ndani ya simu, na simu ndani ya mfuko, na mfuko utembee.

Simu haingoji upige ndipo ijitangaze. Kila mara inazungumza na mnara ili mtandao ujue pa kuileta simu itakayoingia. Mnara kwa kawaida umegawanywa pande tatu, kwa hiyo kampuni inajua uko upande upi. Kwenye mitandao ya zamani ya GSM inaweza pia kukadiria umbali wako kutoka kwenye mnara kwa hatua za mita 550 hivi, kwa kupima muda ambao mawimbi yanachukua kufika. Minara ikiwa mingi na karibukaribu, kama kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kibaha Maili Moja hadi Mlandizi, makadirio yanabana. Kwenye misitu ya Kazimzumbwi na mashamba ya ndani, yanalegea.

Mtu atasema: acha walegeze au wabane, mimi ni mmoja kati ya mamilioni, nani atanitambua? Mwaka 2013 mtafiti Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha utafiti uliochambua miezi 15 ya kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 katika nchi moja, majina yakiwa yameondolewa. Waligundua kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao na wengine wote. Nne. Chukua mama anayelala Masaki (ya Kisarawe, siyo ile ya Dar es Salaam), alfajiri yuko Pugu, saa moja asubuhi anapanga mboga Gongo la Mboto, na Ijumaa jioni anapitia kwa dada yake Mlandizi. Yaliyobaki ni kumbandika jina, na jina tayari liko Kibaha.

Hatari ya kumbukumbu hizi si ya kufikirika. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika kuhusu ushahidi uliowasilishwa kwenye baraza la migogoro ya kazi London na mtu aliyekuwa mchunguzi wa Millicom, kampuni iliyoumiliki mtandao wa simu wa Tigo mwaka 2017. Kwa mujibu wa ushahidi huo, Tigo ilikuwa ikiwapa watu wa serikali ya Tanzania taarifa za mahali zilipo simu za Tundu Lissu, usiku na mchana, katika wiki zilizotangulia 7 Septemba 2017, siku mwanasiasa huyo alipomiminiwa risasi nyumbani kwake Dodoma. Ushahidi huo hausemi nani alifyatua. Unachoonyesha ni njia: ombi moja, kampuni moja, na mtu asiyejua kwamba kila hatua yake inasomwa. Sioni haja ya kukipenda chama cha Lissu, au kukichukia, ili kutetemeka. Simu yake ilifanya kazi kama ya mama wa Masaki inavyofanya.

Kwa watu wengi, hata hivyo, aliyevuka mpaka wao hakutoka serikalini. Alikuja kama mkopo.

Programu za mikopo ya mtandaoni zinaahidi shilingi 50,000 ndani ya dakika tano. Kabla ya kutoa, zinaomba ruhusa: kusoma majina ya simu, kusoma ujumbe, kuona picha, kujua ulipo. Mtu mwenye mgonjwa hospitali ya Tumbi hasomi masharti, anabonyeza "kubali". Wakati huohuo orodha yote ya majina inanakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta ya mkopeshaji. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe unaanza kumfikia mama mkwe, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu wa mtoto, bosi: fulani ni mwizi, mwambieni alipe. Watu wa mtaani waliita mikopo ya riba za namna hii kausha damu, na hawakukosea. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Google ilikuwa imeshazikataza programu za mikopo kusoma majina na picha tangu mwaka 2023, lakini hilo linazigusa zilizo kwenye duka lake tu. Zinazosambazwa kwa kiungo cha WhatsApp ziko nje ya uzio.

Jambo linalonikera zaidi hapa halihusu mkopaji. Mama mkwe hakukopa. Hakubonyeza "kubali" popote. Namba yake ilitolewa na mkwe wake, ikachukuliwa na mtu asiyemjua, ikatumika kama fimbo. Ukiligeuza jambo hili namna yoyote, huioni ridhaa yake. Ruhusa ya mtu mmoja haiwezi kuwa ruhusa ya watu 300 waliomo kwenye simu yake.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume ya kuisimamia 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mwananchi haki ya kuona taarifa zake, kuzirekebisha, na kulalamika mbele ya Tume. Lakini wakili Tito Magoti aliipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu, na Mei 2024 mahakama ikakubaliana naye kwamba baadhi ya vifungu vyake ni vya jumla mno, vikiwemo vinavyomwachia mkusanyaji nafasi ya kutomweleza mhusika kwamba taarifa zake zinakusanywa. Ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Sheria inaacha pia milango ya usalama wa taifa na uchunguzi wa makosa. Milango hiyo lazima iwepo, ila mlango usio na daftari la wanaoingia na kutoka ni tundu ukutani.

Majirani zetu wamekwenda mahakamani kwa mambo kama haya na wameshinda. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma ulikuwa batili kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara kwa taarifa za watu. Mei 2025 mahakama hiyo iliiamuru kampuni ya Worldcoin ifute taarifa za mboni na nyuso ilizokusanya kwa Wakenya, waliokuwa wamepanga foleni mwaka 2023 kutazamishwa kwenye mpira wa chuma kwa ahadi ya pesa za kidijitali. Mahakama haikuona kwamba ridhaa ya mtu aliyeahidiwa malipo ni ridhaa iliyo huru.

Nao Waestonia, ambao wana namba moja kwa karibu kila huduma, wana kitu ambacho ningekiomba kabla ya kingine chochote. Raia anaingia kwenye tovuti ya serikali na kuona ni ofisi ipi iliyofungua taarifa zake, na lini. Mtumishi anayechungulia bila sababu anaonekana, na anaweza kuadhibiwa.

Kiufundi hili si gumu. Mfumo wowote makini wa utambuzi huandika kila swali linaloingia: nani ameuliza, saa ngapi, amejibiwa nini. Mkulima wa Maneromango mwenye simu ya batani haingii kwenye tovuti, lakini anajua kubonyeza nyota na alama ya reli. Kama *106# inaweza kumwonyesha laini zilizosajiliwa kwa jina lake, inaweza kuongezwa namba nyingine ya kumwonyesha kampuni na ofisi zilizouliza habari zake Kibaha mwezi uliopita. Kwa yale ya uchunguzi wa jinai, aambiwe baada ya uchunguzi kufungwa, na kibali kiwe kimetoka kwa hakimu. Serikali imekwisha kutangaza mpango wa Jamii Namba, namba moja ya mtu tangu anapozaliwa. Huduma hiyo ya kuulizia iwekwe ndani ya mpango huo sasa, kabla namba hizo hazijasambaa.