Mashini Ikikuuma, Usizoee

Katika nyumba ya kusagia ya koperative moja, tulimuuliza msagaji kwa nini anasimama juu ya ubao. Akacheka: “Eh, hii mashini iko inauma kidogo, zaidi wakati wa mvua. Sisi tumeisha kuizoea.” Mama mmoja aliyeleta mahindi akaongeza kwamba yeye hashiki bati la mashini akiwa miguu mitupu.

Ndugu wanamemba, mashini haina tabia ya kuuma. Ule ni umeme unaotoroka, unatafuta njia ya kwenda chini. Siku ubao ukilowana, njia itakuwa mwili wa mtu.

Kivu ya Kaskazini imepata umeme wa maji wa Mutwanga mwaka 2013, kisha wa Matebe kule Rutshuru mwaka 2015. Vinu vingine vimeacha mazutu, vimechukua mota za umeme. Injini ya mazutu tuliijua: kelele, moshi, harufu. Umeme hauonekani wala haunuki.

Waya wa ardhi

Ndani ya mota, nyaya zimepakwa vanishi. Joto, unyevu na vumbi la unga vinaiharibu, na umeme unafikia chuma cha nje. Waya wa kijani na manjano, ule mafundi wetu wanaita “terre”, unatoka kwenye mota, kinu na kofre ya umeme, unaenda kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ndani ya udongo, mita 1.5 au zaidi. Umeme uliotoroka unapita huko.

Lakini waya peke yake hautoshi. Kofre iwe pia na disjonkta ya diferansieli ya miliampea 30, inayokata umeme mara moja ukianza kutoroka. Ina kitufe cha “Test”: bonyeza kila mwezi. Isipokata, ita fundi.

Kwetu kwenye mawe ya Nyiragongo kuna shida nyingine: mwamba wa volkano haupitishi umeme vizuri, na fimbo moja mara nyingi haitoshi. Tafuta udongo wenye unyevu, piga fimbo kadhaa zenye nafasi kati yao, uziunganishe. Au zika waya wa shaba mtupu kuzunguka nyumba. Fundi apime wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Mwombeni afike chini ya ohm 100.

Na fundi akisema atafunga waya wa ardhi kwenye nyutro pale pale kwenye mota, mkatalie. Nyutro ikikatika, mashini yote inashika umeme.

Funga kabla ya kugusa

Hatari ya pili ni kinu kikikwama. Msagaji anabonyeza kitufe chekundu, anaingiza mkono. Kitufe kile kinasimamisha mota tu. Ndani ya kofre umeme ungali upo. Mwenzake anaweza kuwasha bila kujua. Na wakati wa delestaji, kinu kinaonekana kimekufa. Umeme ukirudi, kinaweza kuanza chenyewe kama swichi ilibaki wazi.

Fuateni hivi:

1. Ambia wote walio ndani kwamba mnasimamisha kazi.
2. Zima swichi kubwa, si kitufe tu.
3. Ifunge kwa kadena. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono, si kwa prezida, si kwenye msumari.
4. Jaribu kuwasha. Kikikataa, sawa.
5. Ngoja gurudumu lisimame kabisa.

Kufungua kofre yenyewe ni kazi ya fundi. Naye apime kwanza kama umeme umekwisha, na kama kuna kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota, angoje dakika zilizoandikwa juu yake, maana kinabaki na umeme hata baada ya kuzimwa.

Kwenye mkutano mkuu ujao, kabla ya kugawana faida, ulizeni mambo matatu: kadena iko wapi, “Test” ilibonyezwa lini, na kuna mtu anayesimama juu ya ubao? Kama yupo, simamisheni kinu leo. Mahindi yatangoja.