Namna Nilivyotengeneza Sinema ya Marehemu Baba

Nilitengeneza sinema yangu ya kwanza likizoni, nyumbani Kibondo. Sinema ni picha nyingi zisizotembea. Zikipita 24 kwa sekunde, jicho huona kitu kinachokwenda. Nilitumia simu ya kaka yangu. Kwanza nilimpiga picha mama akilia, lakini nikaona haya, nikaifuta. Halafu nikapiga picha mizinga ya nyuki aliyoiacha baba, na viatu vyake mlangoni. Sauti ilikuwa ya nyuki tu. Niliporudi shuleni Kasulu, niliwaonyesha wenzangu bwenini. Dakika 3 zilipita kimya. Ndipo mmoja akaniuliza, “Sasa nani anarina asali?” Basi, atakaye kuonyesha msiba asitafute machozi, aonyeshe kazi iliyobaki bila mwenyewe.